Kipuri Kisichosifiwa Ndicho Kinachobeba

Ukimwuliza mtu anayejiandaa kuunda kompyuta yake ya kwanza ya mezani mipango imefika wapi, mara nyingi atakuanzia na prosesa: ina viini vingapi, ni ya kizazi gani, imezishinda zipi. Akitoka hapo atakwenda kwenye kadi ya grafiki, na hapo ndipo uso wake utakapochangamka. Hayo mawili yakishapita, bajeti imebaki makombo, na kwa makombo hayo ananunua ubao mama, kasha na pawasaplai, chochote kitakachokutwa dukani. Nadai kwamba utaratibu huu umepinduka kichwa chini miguu juu. Anayeunda kwa mara ya kwanza, hasa anayeunda Dar es Salaam, Mombasa, Bujumbura au Goma, anapaswa kuanza na kazi atakayoifanya, aende kwenye umeme, kisha kwenye ubao mama, na prosesa pamoja na kadi ya grafiki vije mwishoni. Sababu ni kwamba vipuri vya kompyuta havina dhima sawa. Viko vinavyobeba, na viko vinavyobebwa. Kinachobebwa kikiwa dhaifu, kompyuta huenda polepole, na siku ukipata pesa unakichomoa na kuchomeka kingine. Kinachobeba kikiwa dhaifu huanguka na vyote kilivyovibeba.

Uhuru huu wa kuchagua vipuri una historia, na historia hiyo ni ushahidi wangu wa kwanza. Agosti 1981 IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi, iliiunda kwa vipuri vingi vilivyokuwa tayari sokoni: prosesa ya 8088 ya Intel, na mfumo wa uendeshaji kutoka Microsoft. Tena ikachapisha kitabu cha kiufundi kilichoonyesha mashine ilivyofungwa ndani na namna kadi zinavyochomekwa. Kampuni nyingine zikasoma na kutengeneza kadi zao, na Novemba 1982 Compaq ikatangaza kompyuta iliyoweza kuendesha programu zilezile za IBM. Mwaka 1995 Intel ikatoa kanuni ya ATX, iliyopanga ukubwa wa ubao mama, mahali pa matundu ya skrubu, umbo la pawasaplai na plagi zake. Ubao wa ATX una milimita 305 kwa 244 hadi leo, na ndiyo maana ubao wa kampuni moja huingia kwenye kasha la kampuni nyingine bila fundi kutoboa tundu hata moja. Tazama kilichodumu na kilichopita. Prosesa za 1995 leo ni za makumbusho, na kadi za grafiki za wakati huo hazina hata pa kuchomekwa. Lakini matundu ya skrubu yako palepale. Kilichodumu miaka thelathini ni kanuni za vipuri vinavyobeba, na anayeanza kwa vipuri hivyo anajenga juu ya kitu ambacho soko lenyewe limekubali kutokibadilisha ovyo.

Naanza na kazi kwa sababu hakuna kompyuta nzuri mpaka useme nzuri kwa lipi. Mwaka 1967 mhandisi Gene Amdahl alitoa hoja ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake: faida ya kuharakisha sehemu moja ya mfumo ina mpaka, na mpaka huo unawekwa na sehemu ambazo hukuziharakisha. Tuitie namba. Chukua kazi inayochukua sekunde 60, ambapo sekunde 45 ni za kusubiri diski na 15 ni za prosesa kufikiri. Nunua prosesa yenye kasi maradufu, na kazi itachukua sekunde 52 na nusu. Umelipa mara mbili kwa nafuu ambayo mtumiaji hataihisi. Sasa iache prosesa ya zamani, ubadilishe diski. Diski ngumu ya mizunguko 7,200 kwa dakika huchukua zaidi ya milisekunde 8 kumaliza mzunguko mmoja, na kila inapotafuta faili lazima isubiri sahani izunguke na kichwa kisogee. SSD haina kinachozunguka, na huitikia ndani ya sehemu ndogo ya milisekunde moja. Sekunde zile 45 zinayeyuka. Ndiyo maana mhasibu aliyeuziwa prosesa ya kifahari na diski ngumu kuukuu hukaa akitazama duara likizunguka kwenye skrini. Vivyo hivyo mhariri wa video mwenye viini kumi na viwili na RAM ya GB 8 hukwama, kwa kuwa RAM ikijaa, mashine huanza kuhamishia mizigo diskini. Asiyeandika kazi yake kabla ya kwenda dukani anakwenda kukisia, na muuzaji atamsaidia kukisia kwa bei ya juu.

Kazi ikishajulikana, twende kwenye umeme. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii haimsaidii mnunuzi wa pawasaplai, kwa kuwa kizuri na kibaya vyote vimefungwa ndani ya sanduku la bati, vina feni ileile na nyaya zilezile, na ubavuni vyote vimeandikwa wati 500. Lakini ubavu huo una maneno mengine madogo. Geuza sanduku usome jedwali lililobandikwa: kuna safu ya volti 3.3, ya volti 5 na ya volti 12, na chini ya kila safu kuna ampea. Kompyuta ya leo hula karibu chakula chake chote kwenye safu ya volti 12, maana prosesa na kadi ya grafiki zote hulishwa kutoka hapo. Zidisha volti kwa ampea. Ukikuta ampea 18, jibu ni wati 216. Hizo ndizo wati unazonunua kwa ajili ya vipuri vinavyokula zaidi, na zile 500 za maandishi makubwa zimekusanywa kutoka kwenye safu ambazo mashine yako haizihitaji kwa wingi huo. Pawasaplai ya wati 550 iliyoundwa kwa uaminifu itakuandikia ampea 40 na zaidi kwenye safu hiyohiyo. Ubandiko mmoja, hesabu moja ya kuzidisha ya darasa la nne, na tayari umeujua ukweli ambao rangi za sanduku zisingekuambia. Tazama pia kama nyuma kuna swichi ndogo ya 115 na 230. Pawasaplai nyingi za kisasa hujirekebisha zenyewe, lakini yenye swichi hiyo, ikichomekwa kwenye umeme wetu hali imeelekezwa 115, huungua papo hapo.

Kwa nini nalisisitiza jambo hili kwetu kuliko ningelisisitiza Hamburg au Toronto? Kwa sababu umeme wetu una tabia zake. Unakatika na kurudi kwa kishindo, unapungua nguvu jioni watu wanapopika na kuwasha pasi, na wakati wa mgao hata ratiba iliyotangazwa haifuatwi. Atatokea wa kunijibu kwamba dawa ya hayo ni UPS, na kwamba mwenye UPS anaweza kununua pawasaplai yoyote. Jibu hilo lina nusu ya ukweli. UPS nyingi za bei ya kawaida hazilishi kompyuta kutoka kwenye betri muda wote. Husubiri umeme wa ukutani ukatike ndipo zihamie kwenye betri, na kuhama huko huchukua milisekunde kadhaa. Katika milisekunde hizo kompyuta inaishi kwa chaji iliyohifadhiwa kwenye kapasita kubwa iliyo ndani ya pawasaplai. Kanuni za ATX zinataka pawasaplai iweze kushikilia mzigo kwa takriban milisekunde 16 baada ya umeme kukatika, na umeme wetu wa hezi 50 humaliza wimbi moja kwa milisekunde 20. Pawasaplai iliyobaniwa kapasita haifiki hapo. Mzigo ukiwa mkubwa, kompyuta huzimika kabla UPS haijaamka, na mwenye nayo hubaki akiilaumu UPS isiyo na kosa. Vitu hivi viwili vinategemeana. UPS huziba pengo la dakika, pawasaplai huziba pengo la milisekunde, na hakuna mmoja anayeweza kufanya kazi ya mwenzake.

Ongeza joto. Kapasita za maji, zile zenye umbo la mkebe mdogo, huzeeka kwa joto, na mafundi wana kanuni ya jumla kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi zinapoongezeka, maisha ya kapasita hupungua kwa nusu. Miaka ya mwanzo ya karne hii dunia nzima iliona maana yake, pale kapasita zilizojazwa kimiminika kibovu zilipovimba vichwa na kupasuka kwenye mbao mama na pawasaplai za kampuni nyingi, zikiwemo zenye majina makubwa. Chumba kisicho na kiyoyozi, Dar es Salaam mwezi wa Februari, kina zaidi ya nyuzi 30 kabla hata hujabonyeza kitufe cha kuwasha. Vumbi likijaa kwenye feni, ndani ya kasha joto hupanda zaidi. Kasha lenye matundu mapana mbele na feni mbili zinazovuta hewa lina faida kuliko kasha lenye kioo pande tatu na taa za rangi saba, na kapasita zilizopimwa kwa nyuzi 105 zina faida kuliko zilizopimwa kwa 85. Hayo hayaonekani kwenye picha. Yataonekana mwaka wa tatu, mashine moja ikiendelea kuwaka na nyingine ikiwa mezani kwa fundi.

Ubao mama unafuata, kwa kuwa ndio unaoamua kesho yako. Kazi yake ya kwanza ni kuupokea umeme wa volti 12 na kuushusha hadi volti moja na kidogo ambayo prosesa inaitaka, huku ukipitisha makumi ya ampea. Saketi inayofanya kazi hiyo imejipanga karibu na soketi ya prosesa, na kwenye mbao za bei ya chini kabisa haina hata kipande cha bati cha kuipoza. Kazi ya pili ni kuweka mipaka ya nini kitaongezwa baadaye. Soketi ya AM4 ya AMD ilitoka mwaka 2016, na prosesa mpya za kuingia humo ziliendelea kutolewa hata mwaka 2022 ulipopita. Wenye mbao nyingi za 2017 waliweza kusasisha programu ya ubao, wakachomoa prosesa ya kizazi cha kwanza cha Ryzen na kuweka ya mfululizo wa 5000, bila kugusa kitu kingine chochote. Kwa upande wa Intel, soketi ya LGA 1200 ya mwaka 2020 ilifuatwa na LGA 1700 mwaka 2021, na prosesa za ile mpya hazikuingia kwenye ile ya zamani. Sisemi Intel ni mbaya na AMD ni nzuri, kwa kuwa kila kampuni imekuwa na zamu yake. Nasema umri wa soketi ni sehemu ya bei, na anayelinganisha prosesa mbili bila kuuliza kila moja inakaa kwenye ubao wa aina gani hajalinganisha kitu. Hali ni hiyo kwa RAM: ya DDR5 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, na ubao wenye nafasi nne, mbili zikiwa tupu, ni akiba.

Hapa ndipo hoja nzito zaidi dhidi yangu inaposimama. Teknolojia, wanasema, inakimbia. Kwa nini niwekeze kwenye msingi utakaopitwa na wakati kama vingine? Bora ninunue kasi yote leo niitumie. Najibu kwa kutazama yaliyotokea sokoni. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, kadi za grafiki ziliadimika na bei zikapanda kupita kiasi, kwa uhaba wa chipu na kwa wachimbaji wa sarafu za kidijitali waliozinunua kwa wingi. Ethereum, mojawapo ya sarafu zilizochimbwa kwa kadi hizo, iliacha uchimbaji wa namna hiyo Septemba 2022. Mwishoni mwa 2025 ikawa zamu ya RAM, viwanda vilipoelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Hakuna ajuaye ni kipuri gani kitafuata. Anayetaka kila kitu kwa siku moja analazimika kulipa bei ya siku hiyo, hata ikiwa mbaya. Mwenye msingi anaweza kusubiri. Chukua mfano wa Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021: ina viini sita, hupoozwa kama prosesa ya wati 65, na ina grafiki ndani yake. Iwekee ubao mzuri wa AM4, vijiti viwili vya RAM vya GB 8 kila kimoja, SSD ya GB 500 na pawasaplai ya kweli ya wati 550. Mashine hiyo itaandika, itahesabu, itachora na kuhariri video fupi kuanzia siku ya kwanza. Weka vijiti viwili badala ya kimoja cha GB 16, kwa sababu grafiki iliyo ndani ya prosesa huazima RAM ya mashine, na vijiti viwili huifungulia njia mbili za data badala ya moja. Kadi ya grafiki itakuja bei itakapotulia, na pawasaplai itakuwa inaisubiri.

Nisieleweke kwamba nahubiri ununuzi wa pawasaplai kubwa kuliko zote. Kosa hilo nalo lipo, na linatoka kwenye tabia ileile ya kununua namba badala ya kununua kazi. Jumlisha ulaji: prosesa ya wati 65 inaweza kufika 76 hadi 90 ikikaza, kadi kama RX 6600 hula wati 132, RTX 3060 hula 170, na ubao, diski na feni kwa pamoja hazifiki 60 kwa kawaida. Jumla iko karibu na wati 300. Pawasaplai ya wati 550 inaibeba kwa starehe, na ile ya wati 1,000 ni pesa iliyokaa bure ambayo ingenunua RAM. Wala nembo ya 80 PLUS peke yake isikutoshe. Mpango huo ulioanza mwaka 2004 hupima ni sehemu gani ya umeme wa ukutani inafika kwenye kompyuta bila kupotea kama joto. Ni kipimo chenye manufaa kwa anayenunua umeme kwa tokeni, lakini hakikuambii kama kifaa kitajikata volti zikizidi au nyaya zikigusana. Kwa hilo tafuta orodha ya kinga kwenye karatasi ya mtengenezaji, pamoja na miaka ya dhamana. Anayetoa dhamana ya miaka mitano amepiga hesabu zake kabla ya kuahidi.

Iko pia hoja ya mwenye pesa kidogo zaidi, na hii ninaiheshimu kuliko zote. Kariakoo ya Dar es Salaam na Luthuli Avenue ya Nairobi zimejaa kompyuta za ofisi zilizotumika Ulaya, na kwa bei ya prosesa moja mpya mtu anaondoka na mashine nzima inayowaka. Mwanafunzi anayehitaji kuandika na kusoma achukue hiyo bila kuona haya, na anayekaa mahali umeme unakatika kila siku afikirie kompyuta ya mpakato, ambayo betri yake ni UPS asiyoilipia mara mbili. Lakini anunue akijua anachonunua. Nyingi ya mashine hizo za ofisi zina pawasaplai na ubao vyenye umbo na plagi za kampuni husika, zisizofuata ATX, kwa hiyo pawasaplai ikifa huwezi kuchukua yoyote iliyo rafuni. Nyingi pia zina prosesa ambazo Windows 11 haizikubali rasmi, na Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa Linux huzipa maisha mapya. Mambo haya hayavunji hoja yangu. Yanaonyesha kwamba hata kwenye mtumba swali la kwanza ni lilelile: kinachobeba kikifa, nitakipata wapi?

Mwisho kuna suala linalopita mfuko wa mtu mmoja. Ndani ya vipuri hivi kuna tantali, inayotokana na koltani, na sehemu kubwa ya koltani ya dunia huchimbwa mashariki mwa Kongo. Huko Rubaya, katika wilaya ya Masisi, watu huichimba kwa sururu na mikono, katika nchi ambayo madini yake yamelipia bunduki kwa miaka mingi. Wachimbaji hao wanazungumza lugha hii ninayoandikia. Kompyuta inayoungua baada ya mwaka kwa sababu mtu alibana kwenye pawasaplai imepoteza jasho lao pamoja na pesa ya mwenye nayo, na mabaki yake yanakwenda kuchomwa jalalani ili shaba itolewe. Kuchagua msingi utakaodumu miaka kumi na kubadilisha kimoja kimoja juu yake ni njia mojawapo iliyo mikononi mwa mnunuzi wa kawaida ya kupunguza hasara hiyo.

Kwa hiyo, wewe unayekusanya pesa ya mashine yako ya kwanza, andika kwenye karatasi kazi tatu utakazozifanya zaidi, jumlisha wati, chagua ubao wenye nafasi ya kesho, na prosesa uichague kwa pesa itakayobaki. Ukifika dukani, omba pawasaplai itolewe kwenye boksi, igeuze, uzidishe 12 kwa ampea zilizoandikwa. Muuzaji akikataa usiisome, nenda duka la pili.